Basi la Madawati

Asubuhi moja, saa ya chai, mwalimu Salvatory aliwaambia walimu wenzake kwamba kuanzia mto Simiyu mpaka ziwani hakuna mtoto ambaye yeye, Salvatory mwana wa Mahona, akimwambia simama, hatasimama.

"Fimbo ya nini?" alisema, tobolwa likiwa bado shavuni. "Mimi nikisema stand up, hata waliozikwa wanajikung'uta vumbi."

"Kwanza meza hicho kiazi," alisema madam Martha, mwalimu wa hesabu. "Utawafufua wewe ukiwa umekabwa."

Walimu walicheka, na Salvatory akacheka kuwashinda. Alikuwa kijana wa maneno. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne, viatu vya mtumba vyenye ncha kali, na Kiingereza ambacho wazazi walikisifu kwa sababu hawakukielewa. Alichokosa ni ajira ya kudumu. Tangu shule ifunguliwe alikuwa mwalimu wa majaribio, na mwenye shule alikuwa na tabia ya kumkumbusha jambo hilo kila alipomwona anacheka.

Shule yenyewe, Mboje English Medium, ilikuwa ndani ya ghala la zamani la ushirika. Ushirika ulipokufa na biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi, Kristofa Mboje, aliyekuwa mtunza ghala, alinunua ghala. Halafu akanunua lori, akanunua mizani, na mwisho, kwa kuwa watoto wa wafanyabiashara wenzake walihitaji pa kusomea, akanunua chaki. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa kwenye kenchi. Upepo ukivuma, zilidondoka taratibu juu ya vichwa vya darasa la pili, na Salvatory alitumia nafasi hiyo kuwafundisha neno theluji kwa Kiingereza.

Kisukuma kilikatazwa. Kiswahili kilivumiliwa nje ya darasa, hasa kwa mtoto anayeumwa. Aliyeteleza akasema neno la nyumbani alivalishwa shingoni kibao cha mninga, kimefungwa kwa ukanda ule wa kufungia marobota ya pamba, na alikaa nacho mpaka amnase mwenzake aliyeteleza. Aliyekutwa nacho kengele ya kutoka ikilia, kesho yake alihamia madawati ya nyuma. Watoto wenyewe waliyaita madawati ya mbele Mjini, na ya nyuma wakayaita Kijijini. Kutoka Mjini kwenda Kijijini ilikuwa rahisi kama kuteleza kwenye tope. Kurudi, hajawahi kurudi mtu.

Kibao kilikuwa kinanenepa. Kila neno lililonaswa liliingia humo na kukaa. Mwaka ulipoanza kilikuwa chepesi kama mwiko. Kufikia wakati wa kupalilia pamba kilikuwa na uzito wa ndoo ya maji. Fundi Thomasi, aliyekichonga, aliitwa akipunguze. Alikipiga randa mpaka kikabaki chembamba kama ganda, akakipima kwa kiganja, akasema mbao ameitoa, lakini kilichomo humo si kazi ya seremala. Akamaliza chai yake akaondoka.

Na huko Kijijini sakafu ilikuwa imeanza kubonyea. Chaki ikidondoka mbele, ilibingirika yenyewe mpaka ukuta wa nyuma. Madam Martha aliweka mawe chini ya miguu ya madawati ili yakae sawa. Wiki iliyofuata aliongeza mawe mengine.

Aliyekivaa kibao kuliko wote alikuwa Nyanjige, mtoto wa wafugaji wa Migato, aliyeletwa mjini kukaa na bibi yake Kwandu ili asome. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mkaidi. Alikuwa na mambo mengi ya kusema na hayakukubali kusubiri tafsiri. Rafiki yake wa damu alikuwa Goodness, binti wa mwenye shule, aliyekaa Mjini karibu na dirisha. Mwanzoni waliketi pamoja. Sasa waliongea kwa nyusi, mmoja mbele na mwingine nyuma, na Goodness alipata shingo iliyopinda kwa kugeukageuka. Kitu kimoja tu Nyanjige alichokitaka katika shule ile nzima kilikuwa kurudi kwenye dawati la dirishani.

Kitabu kilitoka gulioni. Kilikuwa ndani ya robota la mitumba, kimeviringishwa kwenye koti zito la manyoya ambalo hakuna mtu pale mjini Bariadi aliyejua alifanyie nini. Salvatory alikiokota wakati wenzake wanagombea suruali. Kilikuwa kitabu chembamba cha picha, cha watoto wa Amerika, kuhusu Rosa Parks, mama fundi wa kushona na mpigania haki za watu weusi, ambaye dereva wa basi katika mji mmoja wa Alabama alimwambia asimame ampishe mzungu kiti, akakataa. Mama akakamatwa. Watu weusi wa mji ule wakaacha kupanda mabasi, wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima, mpaka sheria ya viti ikafutwa.

Salvatory aliinua ile picha, mama mwenye miwani na mkoba mapajani, akaizungusha darasani kutoka Mjini hadi Kijijini.

"Huko Alabama wanalima nini?" aliuliza kwa Kiingereza, na kabla hawajajibu akajijibu mwenyewe. "Pamba."

Darasa likamtazama tena yule mama, safari hii kwa macho mengine. Alikuwa ameshakuwa jirani.

Constantine, mtoto wa mwenye duka la vipuri, aliinua mkono. Kwa Kiingereza chake cha kuungaunga aliuliza kama weusi wa huko walikaa Kijijini.

"Ndiyo," alisema Salvatory. "Kiti cha nyuma. Na hata huko nyuma, mzungu akikosa kiti, unapisha."

Hapo Nyanjige akasimama. Swali lake lilimtoka kwa Kisukuma, kwa kuwa lilikuwa la haraka: yule mama alikuwa mzito, au hakutaka tu?

Goodness alifumba macho. Salvatory alikichukua kibao msumarini kwa mikono miwili, akakipeleka nyuma, akamvalisha. Halafu akajibu, maana swali lilikuwa zuri.

"Hakutaka tu."

"Basi alikuwa mzito," alisema Nyanjige, akaketi. Dawati likalia.

Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia, na Salvatory aliamua darasa la pili liigize kisa kile. Alipanga madawati mawilimawili katikati ya ghala, akachora magurudumu kwa chaki ubavuni, akampa Constantine sufuria la uji awe anazungusha kama usukani. Watoto wa Mjini wote walitaka kuwa wazungu. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kufokewa. Nyanjige peke yake aliinua mkono, na kwa sababu ya kibao aliuinua nusu.

"Dereva akikwambia simama, wewe unasema No," Salvatory alimwelekeza. "Unasema kama mtu anayekataa chai. Taratibu. Umekaa zako."

"Halafu?"

"Halafu dunia inasimama badala yako." Alipenda jinsi alivyolisema hilo, kwa hiyo akaongeza lingine, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani. "Ukikataa vizuri, mayu, hakuna atakayekurudisha Kijijini. Utakaa dirishani na huyo mwenzako mpaka mzeeke."

Aliyasema kama anavyosema mambo yake yote, akipita, akielekea kwingine. Nyanjige aliyachukua akaenda nayo nyumbani. Bibi Kwandu, aliyekuwa akimkanda mabega kwa samli kila jioni, alisikia yote, akauliza swali moja tu: mwalimu huyo ni mtu wa kurudi nyuma? Nyanjige akasema hapana, mwalimu anajua Kiingereza.

Kristofa Mboje alikuja kuona mazoezi akitokea kupima pamba, nyuzi zikiwa zimemganda nyusini. Alikaa mpaka mwisho. Kisha akamwita Salvatory pembeni, kwenye kivuli cha lori.

"Mwalimu, huyo mama anasimama saa ngapi?"

"Hasimami, Mkurugenzi. Ndiyo hadithi yenyewe."

"Hiyo hadithi ya kwao. Hapa nina wageni. Afisa elimu anakuja, wanunuzi wenzangu wanakuja na wake zao. Mimi niwaonyeshe mtoto wa Migato anamkatalia mtu?" Aliongea kwa upole, akichambua pamba nyusini. "Mzazi analeta mtoto ajifunze Kiingereza. Ubishi anao nyumbani. Mwambie asimame, aseme thank you, ahamie nyuma. Watu watapiga makofi. Halafu mimi nitatangaza walimu wa kudumu ni akina nani."

Salvatory, ambaye hajawahi kukosa neno tangu anyonye, alikosa neno. Kisha akalipata.

"Hata kwenye picha, Mkurugenzi," alisema, "ukimtazama vizuri, anaonekana kama anajiandaa kusimama."

Madam Martha alikuwa amesimama mlangoni na rula ya ubao.

"Alabama wamekupigia simu?" aliuliza, Mkurugenzi alipoondoka. "Wamebadilisha?"

"Alabama ni mbali, madam. Mkurugenzi yuko hapo nje na mizani yake."

"Na mtoto utamwambiaje?"

"Huyo ni mtoto. Nitamwambia ni mchezo."

Alimwambia. Nyanjige alisikiliza huku ameshika kibao kwa chini kama mtu anayeshika mtoto mchanga.

"Mwalimu, ulisema hakusimama."

"Yule halisi hakusimama. Wewe ni wa mchezo."

"Na yeye alijua watu watamchezea asimame?"

Salvatory alimwambia akimbie, kengele imelia. Kengele ilikuwa haijalia. Nyanjige hakukimbia. Alitembea kuelekea dawati lake, na kila alipokanyaga, saruji ilibaki na alama ya mguu, kama tope la mferejini. Mfagiaji alizijaza alama zile kwa mchanga, akapiga maji.

Siku ya Wazazi ghala lilifagiliwa, likapambwa kwa maua ya karatasi. Viti vya mbele viliwekewa vitambaa vya kufuma na mezani pakawekwa soda. Wafanyabiashara na wake zao walikaa hapo. Bibi Kwandu alifika na watu wa Migato, amejifunga khanga mpya, kibuyu cha maziwa mkononi. Kijana wa mapokezi aliwasalimu kwa heshima, mwadila, mwadila, kisha akawaonyesha mkeka ukutani, huko nyuma, mahali ambapo sakafu ilikuwa imebonyea. Waliketi. Kwa kuwa walikuwa chini, waliona hasa migongo ya viti.

Mkurugenzi aliagiza kibao kivuliwe ili kisichanganye wageni. Ukanda ulikataa kupita kichwani kwa Nyanjige. Walijaribu kwa sabuni, wakaacha. Madam Martha alimfunika kwa sweta, na chini ya sweta kibao kilionekana kama kifua cha mtu mzima.

Basi liliondoka. Constantine alizungusha sufuria, darasa zima likanguruma kwa midomo. Kituo cha kwanza alipanda Goodness, amepakwa poda usoni awe mzungu. Viti vilikuwa vimejaa. Constantine alisimama, akamgeukia Nyanjige, akasema maneno aliyofundishwa.

"Stand up."

Nyanjige alikuwa ameketi magoti pamoja, mkoba wa kuazima mapajani.

"Stand up," alirudia Constantine, na kwa kuwa hakuwa na mstari mwingine, akarudia tena.

Nyanjige aliwatazama watu wa mbele. Kisha akatazama nyuma, kwenye mkeka.

"Yaya," alisema.

Watu wa mkekani walielewa, ilikuwa hapana ya nyumbani. Wa mbele pia walielewa, maana wote walizaliwa na mama waliosema yaya, lakini walifanya kama wanaosubiri tafsiri. Mkurugenzi alimtazama Salvatory. Salvatory alikuwa na kofia ya askari ya karatasi, ya ile sehemu ya kukamatwa iliyokuwa imefutwa kwenye mchezo. Aliivaa, akaingia katikati ya basi akitabasamu kwa wageni, na kwa sauti yake ile ya chumba cha walimu akasema simama.

Nyanjige hakusimama.

"Simama, mayu," alinong'ona bila kuacha kutabasamu. "Kidogo tu. Nitakueleza baadaye."

"Ulinieleza," alisema mtoto.

Basi Salvatory akamshika mkono, akavuta. Mkono ulikuja, ukafika mwisho wake, bega likatoa mlio mdogo wa kijiti kikavu, na mwili ukabaki palepale. Alivuta tena. Ilikuwa kama kuvuta nguzo ya umeme. Goodness alianza kulia, poda ikachora mifereji.

Mkurugenzi hakupenda kupoteza muda wa wageni. Aliwaita makuli wake wanne wa kubeba marobota. Walitema mate viganjani, wakainama, wakahesabu kwa pamoja, wakanyanyua. Mmoja akapata mshipa, akatolewa nje. Wakaleta maksai wawili na mnyororo wa plau. Maksai walipiga magoti, wakakojoa, wakarudishwa. Lori lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, likafungwa kamba, likachimba mashimo kwa magurudumu ya nyuma. Wageni walisogeza soda zao ili moshi usiziingie. Mnunuzi mmoja kutoka Maswa alisema ameona jambo kama hilo kwa mbuzi, lakini yule mbuzi alikuwa mdogo zaidi.

"Tumpime," alisema Mkurugenzi. "Tusifanye kazi kwa kukisia."

Mizani ya pamba ikatundikwa kwenye boriti, ndoana ikapitishwa chini ya dawati, watu wakavuta. Mshale ulijisogeza, ukaishia pale ulipozoea kuishia, kwa kuwa mizani ile ilikuwa imefundishwa isizidi hapo. Mkulima mmoja mkekani alisema kwa sauti ndogo kwamba mshale huo anaujua.

Bibi Kwandu aliinuka, akapita katikati ya viti vya vitambaa, akampa mjukuu wake maziwa. Nyanjige alikunywa.

"Huyu amejaa," bibi alimwambia Mkurugenzi, kama anayezungumzia ghala. "Mmekuwa mkimjazia maneno yake mwenyewe. Mlitegemea yaende wapi?"

"Tunashukuru, bibi," alisema Mkurugenzi. "Rudi ukae."

Hapo sakafu ikapasuka. Haikupiga kelele, ilifanya kama bonge la ugali linalokatwa kwa uzi. Nyanjige na dawati lake walishuka kiasi cha shubiri, wakatulia. Wageni walitazamana. Mke wa mnunuzi wa Maswa alidhani mchezo umefika mwisho, akapiga makofi, na wengine wakafuata. Mkurugenzi akasimama, akawashukuru wote kwa kuja, akatangaza walimu wa kudumu. Salvatory alikuwa wa pili kutajwa. Alivua kofia ya karatasi akainama.

Walimwacha Nyanjige palepale, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine. Kesho yake, walipokosa namna ya kuliondoa basi, waliyapanga madawati ya Kijijini kumzunguka, ili darasa liendelee. Bibi Kwandu alihamishia kitanda chake nyuma ya ghala, akawa anamletea chakula na kumsuka nywele. Usiku alimfunika kwa lile koti la manyoya la gulioni, ambalo hatimaye lilipata kazi.

Kwenye kikao cha walimu madam Martha alisema waache kibao.

"Kibao hakihusiki," alisema Mkurugenzi. "Tatizo ni saruji. Ushirika walijenga kwa saruji ya wizi."

"Sasa kipo shingoni kwa mtoto na hakitoki. Tufanyeje?"

"Fundi achonge kingine."

Walimu walimtazama Salvatory, aliyekuwa wa kudumu na aliyejua kusema. Salvatory alisema cha pili kichongwe kwa mbao nyepesi, labda msonobari. Kikapitishwa.

Cha msonobari nacho kilinenepa. Watoto waliokivaa wakawa wazito mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa kadiri ya alichokuwa nacho cha kusema, na wote walikuwa wa nyuma. Kijijini pakashuka na wao. Mwaka uliofuata vichwa vyao vilikuwa usawa wa magoti ya Mjini. Msimu wa pamba uliofuata walikuwa usawa wa viatu. Fundi Thomasi alijenga ngazi, kisha akaongeza ngazi, kisha akaweka uzio wa mabomba ukingoni ili mtoto wa juu asije akadondoka. Mvua ikinyesha, walimu walishusha makopo ya kuchotea maji. Kutoka juu, ukiinama, uliona vichwa vidogo vimepangwa mistari, na nyuzi za pamba zikishuka juu yao polepole, zikichukua muda kufika.

Wanafunzi waliongezeka. Mkurugenzi alibadilisha bango la barabarani, sasa likasomeka shule pekee ya ghorofa wilayani. Wazazi walipenda. Wa juu waliletwa kwa pikipiki na magari. Wa chini waliletwa kwa miguu, kutoka Migato na kwingine, na mama zao waliwashusha ngazi wenyewe, wakiwaambia washike ukuta.

Goodness alihamishiwa shule ya Mwanza kwa sababu ya shingo.

Nyanjige alikua palepale alipoketi. Dawati lilimbana, fundi akashuka kulipanua. Alijifunza Kiingereza chote kilichokuwepo, kwa kuwa sauti za juu zilimfikia zote, na mtihani wa taifa alifanyia hukohuko, msimamizi akimning'inizia karatasi kwa kamba. Alifaulu. Lakini sekondari ilikuwa mbali, na hakukuwa na gari la kumbeba, kwa hiyo aliendelea kukaa, akiwafundisha kuhesabu wadogo walioshushwa.

Salvatory naye alikua, hasa tumboni. Akawa ndiye anayepokea wageni. Alikuwa na kitabu kile cha picha mezani, na kwa kila mzazi mpya alisimulia habari za yule mama wa Alabama, kisha, akiegemea uzio wa mabomba, akasimulia habari za Siku ya Wazazi. Kadiri alivyoisimulia ndivyo ilivyomkaa vizuri. Kwanza aliondoa kofia ya karatasi. Baadaye akaondoa maksai, kwa kuwa walileta kicheko mahali pasipotakiwa. Mwisho ikawa kwamba yeye ndiye aliyesimama kati ya Mkurugenzi na mtoto.

Ndivyo alivyoisimulia asubuhi ile alipokuja Marcelo, mwenye mashine mpya ya kukoboa mpunga Kalemela, na mkewe Milembe, na binti yao mdogo aliyevaa soksi nyeupe.

"Nikamwambia Mkurugenzi, kwa heshima zote, mwache mtoto akae," alisema Salvatory. Sauti yake ilitetemeka mahali ilipozoea kutetemeka. "Kazi yangu ilikuwa rehani. Lakini nilimwambia, mikono ya mtu isimguse mtoto huyu. Kama hataki kusimama, ni haki yake."

Milembe alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Walimu kama wewe hawapo siku hizi," alisema Marcelo. "Mwanangu atakuwa salama kwako."

"Walinivuta kwa lori pia," ilisema sauti kutoka chini.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuja kwa Kisukuma, polepole, ya mtu aliyekwisha kupima aseme kwa lugha ipi ili watu wa Kalemela wasihitaji mkalimani.

"Lakini wa kwanza kunivuta ni wewe, mwalimu. Mkono wa kulia. Nikikumbatia wadogo, hili bega mpaka leo halipandi."

Wageni waliinama juu ya uzio, wakatazama. Kisha wakainuka, wakaitazama mikono ya mwalimu Salvatory iliyokuwa imeshika bomba. Aliitoa. Akaiweka mfukoni, akaitoa tena, akatafuta pa kuipeleka.

Marcelo alikohoa. Alimvuta binti yake kidogo kutoka ukingoni, akamweka nyuma ya mguu wake.

"Na huku juu, mwalimu," aliuliza kwa sauti ya chini, "nafasi bado zipo?"